Kuusaka Mstari Usioitwa

Miongoni mwa kazi za mwandishi wa programu, ile ya kuutafuta mstari uliojitokeza kwenye skrini bila kuitwa huonekana ndogo, kwa kuwa mara nyingi hesabu yenyewe imetoka sawasawa. Lakini ndiyo inayodhihirisha kama mwandishi huyo anaielewa programu yake au anabahatisha tu.

Tangu Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipoidhinisha mwaka 2022 mafunzo ya kuandika programu shuleni, kazi hii imekuwa pia ya watoto, na mfano wake unaweza kutolewa Chekalini, huko Lugari katika Kakamega, ambako mahindi hulimwa kwa wingi na kuhesabiwa kwa gunia la kilo 90. Mwanafunzi akiandika kwa lugha ya Python kitendakazi, yaani kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake maalumu, cha kugeuza kilo kuwa magunia, kisha akakipa kilo 2,700, atatarajia kuona 30 peke yake. Pengine ataona 30, na chini yake neno "None", ambalo katika lugha hiyo ni jina la utupu. Neno hilo hakuliandika popote, na ndiyo maana humtia wasiwasi.

Kiini cha jambo ni tofauti kati ya kuonyesha na kurudisha. Kuonyesha ni kulitoa jibu nje, mbele ya macho ya binadamu. Kurudisha ni kulikabidhi kwa sehemu ya programu iliyoliomba, ili ilijumlishe, ilizidishe au ilihifadhi. Kitendakazi kilichoonyesha 30 bila kuirudisha kimelitangaza jibu kisha kikarudi mikono mitupu, na amri ya pili ya kuchapisha, ile iliyokiita kutoka nje, imeuchapisha utupu iliokabidhiwa. Kwa hiyo mstari wenye kosa ni ule wa kwanza, uliokuwa na jibu sahihi. Anayeifuta amri ya nje ili "None" itoweke atapata skrini safi, lakini siku atakapotaka kuyazidisha magunia kwa bei, programu itakwama, kwa sababu utupu hauzidishiki.

Ipo mistari mingine iliyoachwa na mwandishi mwenyewe alipokuwa akikagua kazi, kama jembe lililosahauliwa shambani. Kuiweka si kosa. Brian Kernighan, mmoja wa mabingwa wa mfumo wa Unix, aliusifu ukaguzi wa namna hiyo mwaka 1979, mradi uambatane na kufikiri kwa makini. Programu ikiwa na mafaili mengi, msakaji hunufaika na jambo moja: toleo la tatu la Python, lililotoka mwaka 2008, liliigeuza amri ya kuchapisha kuwa kitendakazi kama vingine, hivyo inaweza kubadilishwa kwa muda na nyingine inayotaja, pamoja na kila mstari, ni nani aliyeuita na nani alimwita huyo, hadi mwanzo wa msururu. Huu ni ustadi wa kuheshimiwa, kwani hauunyamazishi mstari kabla ya kuuliza umetoka wapi.

Katika mfano wa Chekalini, marekebisho yote ni ya neno moja: ndani ya kitendakazi, amri ya kuchapisha inaipisha amri ya kurudisha, na kwenye skrini inabaki 30.