Nyota ya Kitambaa

Ukitaja dabi Dar es Salaam, mtu atakuuliza Simba anacheza lini na Yanga. Rola dabi ni kitu kingine. Ni mchezo wa viatu vya magurudumu uliozaliwa Marekani miaka ya 1930, ukafifia, kisha ukafufuliwa na wanawake wa Austin, Texas, mwaka 2001. Timu mbili huzunguka njia yenye umbo la yai, kila moja ikiwa na wachezaji watano. Mmoja huvaa kofia ngumu iliyofunikwa kitambaa chenye nyota. Huyo ndiye mfungaji, na hupata pointi kwa kila mpinzani anayempita. Wanne wengine ni wazuiaji: wanamkwamisha mfungaji wa wenzao na papo hapo wanamfungulia njia wa kwao.

Ni kwa ajili ya hao wanne kwamba nina kesi na filamu ninayoipenda. *Whip It*, iliyoongozwa na Drew Barrymore mwaka 2009 kutokana na riwaya ya Shauna Cross, inamfuata Bliss, binti wa miaka 17 anayesukumwa na mama yake kwenye mashindano ya urembo. Anatorokea Austin, anadanganya umri wake, anajiunga na timu. Kwa kuwa ana kasi, anapewa nyota. Yaani filamu inamshusha binti kutoka kwenye jukwaa ambalo mmoja tu huvikwa taji, inampeleka kwenye mchezo wa watu watano, halafu inamvika taji lingine.

Sitaidhulumu. Humo yumo Maggie Mayhem, mama anayemlea mwanawe peke yake, na yumo Iron Maven, mpinzani aliyevuka miaka 30 kabla ya kupata jambo analoliweza. Timu ya Bliss inashindwa fainali na bado inashangilia nafasi ya pili. Watu hawa ndio hunirudisha kwenye filamu. Ila kila mmoja wao huja mbele Bliss anapohitaji somo, na somo likiisha anarudi nyuma.

Linganisha na *Roller Girl*, kitabu cha katuni cha mwaka 2015 cha Victoria Jamieson, ambaye mwenyewe alicheza Portland, Oregon. Astrid, mwenye miaka 12, anaenda kambi ya rola dabi huku rafiki yake wa karibu akichagua baleti. Anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Anaitaka nyota kwa moyo wote, na nyota inakwenda kwa Zoey, mwenzake wa kambini. Anaumia. Kisha anaamua kumsaidia Zoey, na kuanzia hapo kuzuia kunakuwa ufundi wenye heshima yake. Hapo kitabu kinaishinda filamu, kwa sababu kimeuelewa mchezo. Katika rola dabi ya sakafu bapa, mmoja wa wazuiaji huvaa kofia yenye mstari, na mfungaji aliyechoka au kukwama anaweza kuvua kitambaa chake akamkabidhi. Sheria zenyewe zinakubali kwamba nyota huhama.

Hata hivyo, kazi zote mbili zinawasahau walio pembeni: waamuzi wanaoteleza kando ya msafara, anayeshika saa ya adhabu ya sekunde 30, anayeandika pointi, mtoa huduma ya kwanza. Wengi wao hujitolea tu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila anayeshika saa hatunzwi na mtu.

Mtu anaweza kusema hadithi haiwezi kubeba kila mtu. Ni kweli, lakini katika mchezo huu swali la nani anafanya kazi na nani anamiliki ndilo lililoujenga. Mwaka 2003 wachezaji wengi wa Austin walijitenga na waliokuwa wakiimiliki ligi yao, wakaunda ligi inayomilikiwa na wachezaji. Mgogoro huo umo katika *Hell on Wheels*, filamu ya hali halisi ya Bob Ray ya mwaka 2007. Walioondoka walitaka anayeumia goti awe na sauti kwenye maamuzi, na ligi nyingi zilizofuata duniani zilijengwa kwa mfano huo: mchezaji huyohuyo anateleza leo, kesho yuko kwenye kamati ya fedha. Tukiusimulia mchezo huu kama safari ya msichana mmoja mwenye kasi, tunawapokonya wanawake hao kile hasa walichokipigania, tunawaachia mavazi na majina ya utani.

Nasubiri hadithi inayoanza saa kumi jioni, ukumbi ukiwa mtupu, mtu amepiga magoti anabandika utepe sakafuni kuchora njia, na mwandishi haondoki hapo kumfuata mwingine.