Ligeti na pembe za msitu: kuazima si kuiba

Jina la Bisie likitajwa, watu wanafikiri kasiterite tu. Tangu 2002 mawe ya hapa yalibebwa mgongoni katikati ya msitu hadi Njingala, yakapanda ndege pale barabarani Kilambo, yakafika Goma, kisha yakaenda kwa watu wasiojua Walikale iko upande gani. Jiwe likishatoka, haliulizwi kwao ni wapi. Je, muziki nao ukitoka msituni unapotea namna hiyo? Ndilo swali letu. Tumechagua kulijibu kwa mfano wa mtunzi mmoja wa Ulaya, György Ligeti, mtu ambaye hata wenzake walimwona ni wa vituko.

Ligeti alizaliwa 1923 huko Transylvania, inchi ya Rumania, katika jamaa ya Wayahudi wenye kusema Kihungaria. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitiwa katika kazi ya shuruti. Baba yake na mdogo wake walikufa katika kambi za Wanazi. Mwishoni mwa 1956, baada ya majeshi ya Kisovieti kuponda maasi ya Hungaria, alikimbilia Vienna. Sisi wa Masisi na Walikale tunajua kukimbia na kuacha nyumba. Hatuna haja ya kuelezwa sana.

Tuje kwa vituko vyake. Mwaka 1961, kule Alpbach katika Austria, aliombwa aseme juu ya muziki wa wakati ujao. Akasimama mbele ya watu, akanyamaza, anaandika tu maneno machache ubaoni, mpaka watu wakakasirika na yeye akaondolewa. Mwaka 1962 akatunga kazi ya metronomu 100, vile vyombo vinavyopiga tik-tak kumuonyesha mwanafunzi mwendo wa wimbo. Zote zinaanza pamoja, kila moja na mwendo wake. Mwanzoni ni kelele kama mvua juu ya mabati; kisha moja moja zinasimama, hadi inabaki moja peke yake. Ilipopigwa mara ya kwanza Hilversum, Uholanzi, mwaka 1963, televisheni iliacha kuionyesha, ikaweka mpira. Kwetu wangesema: « Huyu muzee, kichwa iko muzima kweli? »

Kiko kizima. Tukitazama vizuri, metronomu zile zilikuwa swali: vitu vingi vyenye mwendo tofauti vinaweza kuzaa mpango gani? Ulaya haikuwa na jibu tayari. Afrika ilikuwa nalo zamani.

Mwaka 1963 mpiga pembe mmoja, Simha Arom, alitumwa Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, aanzishe fanfare. Alikuja kufundisha pembe, kumbe akakuta wenye pembe zao! Kwa Wabanda-Linda, pembe 10 hadi 18, zile ndogo za swala, zile kubwa za mizizi ya mti, zinapigwa pamoja, na kila mtu ana noti moja tu. Anangoja nafasi yake, anaipiga, ananyamaza. Wimbo haumo katika pembe yoyote. Umo kati yao wote. Arom alitafuta njia ya kurekodi kila mpiga peke yake, huku anasikia wenzake katika kaske masikioni, ndipo akaweza kuandika noti zote bila kukisia. Sahani ya muziki huo ilimfikia Ligeti mwaka 1982, kwa mkono wa mwanafunzi wake Roberto Sierra.

Alifanya nini nayo? Hapa ndipo hukumu yetu. Hakuchukua wimbo wa Wabanda-Linda na kuuvalisha koti ya piano. Alichukua namna ya kuwaza. Katika zoezi la kwanza la piano la kitabu chake cha 1985, lenye jina Désordre, yaani fujo, mkono wa kuume unacheza vibao vyeupe tu, wa kushoto vyeusi tu. Mikono inaanza pamoja. Kisha mkazo wa mmoja unatangulia kidogo, tena kidogo, mpaka mikono inaachana kabisa. Masikio yanasema ni fujo, lakini kila pigo limehesabiwa. Tena hakuficha alikojifunza: kitabu kikubwa cha Arom kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1991, Ligeti ndiye aliyekiandikia utangulizi. Huko ndiko kuazima kwa adabu.

Lakini tusimsifu bila kipimo. Kazi ya pembe 18 imewekwa juu ya vidole kumi vya mtu mmoja, naye anatoka jasho kama mwenye kupanda mlima na kilo hamsini mgongoni. Ni ajabu kuisikia, ila kitu kimoja kimepotea. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika pembe za noti moja, mtu mmoja asipokuja, wimbo unabaki na tundu, na kijiji kizima kinalisikia. Piano haina jirani wa kungoja. Tena wanaopiga makofi katika konseri wanajua jina Ligeti. Wangapi wanajua jina la mpiga pembe hata mmoja?

Hapa kwetu tunao mfano ulio bora. Mwaka uleule 1956, Daniel Biebuyck alimsikiliza mzee Candi Rureke, Munyanga, akitoa hadithi ya Mwindo kwa siku 12: anasimulia, anaimba, anacheza, vijana wakimpigia fimbo kavu. Kitabu kilipotoka 1969, jina la Biebuyck lilikuwa pamoja na la mwana wa Banyanga, Kahombo Mateene, na ndani Rureke ametajwa kwa jina lake. Hatusemi Wanyanga na Wabanda-Linda ni kitu kimoja. Tunasema jina la mwenye kazi linaweza kusafiri pamoja na kazi.

Kwa hiyo tunawaambia wanafunzi wetu, wale wanaosema ngoma za wazee ni « mambo ya mupori »: mtu aliyesomea muziki maisha yake yote, aliyekufa Vienna mwaka 2006 akiwa na sifa duniani, alikaa kuwa mwanafunzi wa wapiga pembe wa kijijini. Na wazazi nao tunawaomba: simu iliyomo mfukoni inarekodi. Mrekodi muzee angali hai, mwandike jina lake, kijiji chake, na majina ya wanaomuitikia. Hiyo kazi haingoji mgeni wa kutoka Bangui wala Vienna.