Mafundi wa Marumaru wa Kajiado

Marumaru ya Kajiado ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, katika ukanda wa miamba uitwao Ukanda wa Msumbiji. Asili hiyo ndiyo chanzo cha udhaifu wake, kwa kuwa madini yake makuu, kalisiti, huliwa na asidi. Maji ya ndimu, siki au soda yakimwagika kwenye meza ya marumaru huacha alama iliyofifia. Alama hiyo ni jiwe lenyewe lililolika, kwa hiyo sabuni haiwezi kuiondoa.

Hapo ndipo fundi wa kung'arisha mawe anapostahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Husugua uso kwa maji na visahani vyenye chembe za almasi, kuanzia vya kukwaruza hadi vilivyo laini kabisa, mpaka mng'ao urudi. Kisha hupaka dawa ya kuziba vinyweleo. Akiruka hatua moja, mikwaruzo hubaki.

Katika mji wa Kitengela, Kajiado, adui mwingine ni vumbi, lenye chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko marumaru. Lipanguswe kwanza kwa kitambaa laini kikavu, bila kukandamiza, ndipo meza ifutwe kwa maji yenye sabuni isiyo kali na kukaushwa. Jiwe likianza kunywa matone ya maji, dawa imekwisha na fundi aitwe tena.