Shujaa Mwenye Mdomo Mmoja

Vijana wengi waliofika sekondari huona haya kuonekana wakicheza mchezo uliotungwa kwa ajili ya watoto wadogo. Hudhani kwamba kilicho chepesi kuchezwa kilikuwa chepesi kutungwa pia. Dhana hiyo nataka kuipima kwa mchezo mmoja wa zamani, Kirby's Dream Land, yaani Nchi ya Ndoto ya Kirby, uliotolewa Japani na kampuni ya Nintendo mwaka 1992 kwa ajili ya chombo cha mkononi kiitwacho Game Boy. Uliundwa katika kampuni ya HAL Laboratory, na mtungaji wake, Masahiro Sakurai, alikuwa kijana wa miaka 21 ulipotoka.

Hadithi yake haijazi hata nusu ukurasa. Mfalme Dedede, mlafi asiye na kifani, ameiba chakula chote cha nchi, na Kirby anakwenda kukirudisha. Safari ina sehemu tano, nayo yaweza kumalizwa kabla ya saa moja kuisha. Kirby mwenyewe ni kiumbe mviringo kama chungwa, mwenye macho mawili, mikono mifupi na miguu mifupi. Mwanzoni mtungaji aliliweka umbo hilo kwa muda tu, lishike mahali mpaka shujaa wa kweli achorwe. Akalizoea, akalipenda, akaliacha libaki. Rangi yake, kwa nia ya mtungaji, ni ya waridi. Lakini kioo cha Game Boy hakikuwa na rangi, na sanduku lililouzwa Marekani lilimchora mweupe.

Sasa tuutazame mdomo wake, maana humo ndimo ulimo ustadi wote. Kirby hana upanga wala bunduki. Hufungua mdomo, akamvuta adui kwa pumzi mpaka ndani, kisha akamtema awe nyota inayompiga adui mwingine. Silaha yake, basi, ni adui yule yule aliyemjia. Tena, kwa mdomo huo huo, aweza kujijaza hewa akavimba kama puto na kupaa juu ya mashimo na miiba. Katika Super Mario Land, mchezo wa mwaka 1989 wa chombo hicho hicho, mtoto akikosea kipimo cha kuruka hutumbukia shimoni, na mambo yamekwisha. Kirby akikosea huvuta hewa, akajiokoa.

Hapo ndipo wakosoaji husema kwamba mchezo umeharibika, kwa kuwa hatari inayokwepwa kwa kupaa si hatari tena. Hoja hiyo ina uzito, lakini wasemao hivyo hawakuutazama mdomo sawasawa. Mdomo ni mmoja. Ukijaa hewa, hauwezi kumvuta adui. Kirby angani amebakiwa na pumzi dhaifu tu ya kupuliza. Na ukimbeba adui, hauwezi kujaa hewa. Kirby aliyejizatiti hapai. Kila mara mtoto hana budi kuchagua baina ya usalama na nguvu, naye huchagua bila kuambiwa kwa maneno kwamba anachagua. Sisi tunaofundisha twajua ugumu wa jambo hilo. Kutunga somo la darasa la kwanza lisilohitaji maelezo ni kazi nzito kuliko kutunga la kidato cha nne.

Mwisho wa sehemu ya kwanza umesimama mti mkubwa wenye uso, Whispy Woods. Hausogei. Hupuliza upepo na kuangusha matofaa, na matofaa hayo humuumiza Kirby yakimwangukia. Lakini pale hapana adui mwingine wa kumezwa, kwa hiyo mtoto, akiwa hana la kufanya, hufungua mdomo na kulimeza tofaa. Akilitema, mti huumia. Amefundishwa kwamba kinachomdhuru ndicho kitakachomsaidia. Mbele kabisa, Dedede mwenye nyundo atakapopiga chini na nyota zikaruka, mtoto atajua la kufanya nazo.

Sitauficha upungufu wake. Sehemu ya mwisho inawarudisha wakubwa wale wale wanne tuliokwisha washinda, kana kwamba ghala ya mawazo ilikuwa imeishiwa. Tena ziko njia nzuri zilizopangwa kwa uangalifu ambazo mchezaji mvivu hupita juu yake akipaa, asione kitu; mtungaji amempa mgeni wake mlango wa kuikimbia nyumba kabla hajaiona. Uwezo wa Kirby wa kuiga nguvu za aliowameza, ambao wengi wenu mwaujua, haumo humu. Ulikuja katika mchezo wa mwaka 1993.

Hata hivyo fundi hakusahauliwa. Dedede akishashindwa na chakula kikarudi, kioo huonyesha vitufe vya kubonyezwa ili kuufungua mchezo wa pili, wenye njia zile zile na maadui wakali zaidi, wenye mwendo wa kasi. Siri hiyo hapewa ila aliyefika mwisho. Mdogo wako atakapokuonyesha jinsi alivyomshinda mfalme, mwombe akupe chombo, ubonyeze vitufe hivyo, nawe ujaribu kuuvuka mti ule wa kwanza.