Namba Kabla ya Fedha: Duka la Mboga za Mgeta Lijifunze GePG

Anayetaka kuuza mboga za Mgeta mtandaoni huanza kwa kuuliza aweke malipo gani: M-Pesa, Airtel Money, kadi ya benki? Naona swali hilo huja mapema mno. Kupokea fedha kwa simu ni jambo ambalo Watanzania wamelizoea tangu 2008, na baada ya Vodacom kujiunga mwaka 2016 na utaratibu ambao Tigo, Airtel na Zantel walikuwa wameshauanza, mtu wa mtandao mmoja humtumia wa mtandao mwingine bila shida. Kinacholisumbua duka ni kujua fedha iliyoingia ni ya nani, ni ya mzigo upi, na kama imetimia. Hapa nchini kuna mfumo ambao umeshalijibu swali hilo kwa nchi nzima, na watu wengi wamewahi kuutumia walipolipa leseni ya biashara au faini ya barabarani. Mfumo huo ni GePG, mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo kielektroniki, na anayejenga duka angeusoma kwanza kabla ya kusoma tangazo la kampuni yoyote ya malipo.

GePG ilianza kazi mwaka 2017. Kabla yake taasisi za Serikali zilikusanya malipo kila moja kwa utaratibu wake na benki yake. Mlipaji alijaza fomu benki, akarudi na karatasi iliyogongwa muhuri kuthibitisha kwamba amelipa, ndipo karani akaandika stakabadhi. Wataalamu wa Serikali walioujenga mfumo mpya waliugeuza mpangilio huo. Sasa taasisi huandaa ankara kwanza, yenye jina la mlipaji, kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipa, kisha huituma GePG ikiwa na saini ya kidijitali, na GePG hurudisha kumbukumbu namba ya tarakimu 12. Mpaka hapo hakuna hata shilingi moja iliyotoka mfukoni mwa mtu. Mlipaji hupeleka namba hiyo benki, kwa wakala au kwenye simu yake mwenyewe. Anayepokea malipo huiuliza GePG namba inadai nini, na majibu huja kabla ya fedha kukatwa. Ikishalipwa, taasisi huarifiwa. Siku inayofuata taasisi huomba orodha ya miamala yote ya jana na kuilinganisha na vitabu vyake. Hatua hii ya mwisho mlipaji haioni, lakini kwangu ndiyo roho ya mfumo mzima, maana taarifa iliyopotea njiani huonekana kwenye ulinganisho, na mtu aliyelipa halazimiki kuja kuapa kwamba alilipa.

Sasa tuupeleke mpangilio huo Nyandira, kwenye soko ambako kabichi, karoti, viazi na njegere za Tarafa ya Mgeta hupakiwa kwenda Morogoro mjini na Dar es Salaam. Mwenye mgahawa Dar anaagiza karoti mtandaoni. Duka linatoa ankara yenye namba yake, kilo, bei, na saa ambayo bei hiyo inakoma. Saa ya kukoma ina uzito mkubwa hapa kuliko kwenye leseni ya biashara. Bei ya karoti ya asubuhi inaweza isiwepo jioni, na namba iliyokufa humlinda mkulima asije akalipwa kesho kwa bei ya jana. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana: ankara inayodai kilo hulazimisha mzigo upimwe. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imestawi kwa sababu gunia linauzwa kwa macho, ingawa sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100. Mfumo wa malipo hauwezi kuifuta lumbesa, lakini unainyima ankara ya kujificha ndani yake.

Wapo watakaosema haya yote ni mzigo usio na sababu: wafanyabiashara wa mboga wanafahamiana, lipa namba ipo, mnunuzi analipa na kutuma picha ya ujumbe, mzigo unaondoka. Kwa wateja watano wa kila wiki, nakubali, inatosha. Wakifika hamsini, wanne kati yao wametuma kiasi kilekile asubuhi moja, na mmoja amelipa kwa simu ya shemeji yake, jina lililo kwenye ujumbe halimwambii mpakiaji chochote. Picha ya ujumbe nayo hutengenezwa; meseji za uongo za miamala wafanyabiashara wanazijua vizuri. Kufahamiana hakulipi hasara ya gari lililoondoka na mzigo usiolipiwa, na mara nyingi hufanya kudai kuwe kugumu zaidi.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa mafundi. Wanasema kumbukumbu namba ni ya kizamani: siku hizi duka hutuma ombi moja kwa moja kwenye simu ya mnunuzi, dirisha linafunguka, anaweka namba ya siri, kazi imekwisha, hakuna tarakimu za kunakili wala kukosea. Ni kweli, na ombi hilo litumike. Ila tazama linadai nini: simu iwe hewani, mwenye simu awe ameishika, salio liwepo, na jibu lirudi dukani, vyote katika muda mfupi uleule. Jibu lisiporudi, duka halijui kama fedha imekatwa. Maduka mengi hapo huandika kwamba malipo yameshindikana na kumtaka mteja ajaribu tena, na ndivyo mtu anavyokatwa mara mbili. Huduma ya M-Pesa ya kuunganisha programu ina nafasi ya kumbukumbu ya duka kwenye kila ombi, pamoja na utambulisho usiotakiwa kujirudia. Namba ya ankara ikiwekwa kwenye kumbukumbu hiyo, duka linaweza kuiacha hali ya malipo kuwa haijajulikana, likauliza, likapata jibu. Na ombi likifa kabla fedha haijakatwa, namba bado ni hai: mteja anaweza kuilipa kwa wakala saa moja baadaye. Namba na ombi havishindani; ombi ni njia mojawapo ya kuilipa namba.

Lakini GePG, mtu atasema, ina sheria na hazina nyuma yake, na hata hivyo watu hukaa foleni wakiambiwa mfumo uko chini. Duka dogo litaweza wapi? Duka haliwezi kujiunga na GePG, wala halihitaji. Linahitaji kampuni ya malipo yenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, Selcom kwa mfano, na jedwali lake lenyewe la ankara. Hapo ndipo mkazo wangu ulipo: jedwali la ankara likae dukani, namba zizaliwe dukani. Duka linaloachia kampuni ya malipo itunge namba hufungwa na kampuni hiyo. Siku huduma yake ikikwama, hata oda za jana hazisomeki. Namba zikiwa za duka, kampuni ya pili inaweza kuunganishwa pembeni na ankara zilezile zikalipika huko.

Makato ya miamala yatabaki, na kwenye mboga ambazo faida yake ni nyembamba yanauma. Ndiyo maana duka lingeiga pia jambo dogo la GePG: ankara huweza kuruhusu kulipwa kidogo kidogo au kudai kiasi kamili tu. Mgahawa mpya ulipe nusu kabla gari halijatoka Nyandira na nusu mzigo ukishapimwa Dar, kwa namba ileile. Mteja wa miaka mingi aandikiwe ankara moja ya wiki nzima, akatwe mara moja. Na kila asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza kupakiwa, mtu mmoja akae na orodha ya kampuni ya malipo na orodha ya ankara, azilinganishe mstari kwa mstari, na ampigie simu kila ambaye mstari wake umebaki bila mwenzake.