Mchezo wa Video: Ni Maandishi au ni Maonyesho?

Kazi ya kwanza ya mhakiki ni kuuliza kitu kilicho mbele yake ni cha aina gani. Utenzi haupimwi kwa kipimo cha riwaya, wala tamthilia haihukumiwi kama hotuba. Wanasheria nao wana swali la namna hiyo hiyo mintarafu ya michezo ya video: je, mbele ya sheria mchezo huo ni programu ya kompyuta, au ni kazi ya medianuwai, yaani ile iunganishayo picha, sauti, maneno na mwendo? Wengi wetu tumewaachia wanasheria swali hili. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ni letu pia, na kwamba jibu lake laweza kumpa mtu haki yake au kumnyima.

Tuanze na sheria yetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, itumikayo Tanzania Bara, inaziweka programu za kompyuta pamoja na vitabu, vijitabu na maandishi mengine. Muziki una mahali pake, michoro mahali pake, na kazi za picha na sauti, kama filamu, zina mahali pao. Mchezo wa video haukutajwa. Kuihesabu programu kuwa maandishi si kosa la watunga sheria wetu. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 uliagiza hivyo kwa nchi wanachama wake. Lakini tofauti si ya jina tu. Sheria hiyo, kama ilivyotungwa, iliyalinda maandishi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kazi ya picha na sauti iliilinda miaka 50 tangu kutengenezwa au kutolewa kwa watu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana wanne wa mkoa wa Mara wanaunda mchezo. Wa Buswahili anaandika programu. Wa Bunda anachora mitumbwi na wavuvi wa Ziwa Viktoria. Wa Musoma mjini anatunga muziki. Wa Butiama anatunga hadithi na maneno ya wahusika. Mchezo ukiitwa programu tu, mtunzi aonekanaye ni yule wa Buswahili peke yake. Wale watatu watakuwa kama wapiga ngoma wa arusi ambao wamesahauliwa chakula kilipopakuliwa.

Jambo hili si la kuwazia tu. Huko Ufaransa kampuni ya Cryo ilipofilisika, chama kilichosimamia haki za watunzi wa muziki kilidai malipo ya muziki uliotiwa katika michezo yake. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Rufani iliamua kwamba mchezo wa video ni kazi changamano, isiyoweza kupunguzwa ikawa programu tu, na kwamba kila sehemu yake yafuata sheria ya aina yake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilinena maneno ya jamaa na hayo mwaka 2014, katika kesi ya Nintendo na PC Box.

Kwa mhakiki wa fasihi, hukumu iliyo tamu zaidi ni ya Marekani, ya mwaka 1982, kati ya kampuni ya Stern na Kaufman. Stern waliusajili mchezo wao uitwao Scramble kuwa kazi ya picha na sauti, wala si programu. Kwa kuwa mtu aweza kuandika programu nyingine kabisa, akatoa picha zile zile na sauti zile zile. Washtakiwa walijibu kwamba mchezo hauna umbo thabiti, maana kila mchezaji huubadili. Mahakama ilikataa: mengi hurudi yale yale kila uchezwapo.

Hoja hiyo wanafunzi wa fasihi simulizi wanaijua. Fanani hasimulii ngano mara mbili kwa maneno yale yale. Hadhira humwitikia, naye hurefusha hapa na kufupisha pale. Walakini hakuna asemaye kwamba ngano haina umbo. Tulichelewa sana kukubali kwamba utendaji ni sehemu ya fasihi yenyewe. Tusilirudie kosa hilo kwa kuuona mchezo katika msimbo wake pekee.

Lakini je, tuseme basi kwamba mchezo ni filamu? La. Mtazamaji wa filamu hana analoamua, mchezaji anaamua. Tulitazame bao letu: mashimo 32, kete 64, na kanuni za kunamua na kutakata. Mchonga ubao aweza kuwa na haki juu ya nakshi zake, lakini kanuni za bao hazina mwenyewe. Kadhalika, katika kesi ya Sony na Datel, mwaka 2024, mahakama ile ile ya Ulaya ilisema kwamba anayebadili tarakimu za muda katika kumbukumbu ya mashine, pasipo kugusa msimbo, hakuivunja haki ya programu. Mwenye kutegemea ngao ya programu peke yake ataikuta fupi.

Mtu ataweza kusema kwamba kugawa kitu kimoja kwa sheria nyingi ni kuwasumbua wafanya biashara. Nakubali kuwa pana usumbufu. Lakini filamu ina mwandishi, mwongozaji na mtunzi wa muziki, nayo huuzwa kila siku kwa mapatano yaliyoandikwa. Usumbufu wa kuandika mapatano ni mdogo kuliko dhuluma ya kusahau watu watatu kati ya wanne.

Kwa hiyo yafaa sheria yetu, itakaporekebishwa tena, iutaje mchezo wa video kwa jina, iuite kazi changamano, na iwatambue watunzi wake wote: msimbo ulindwe kama maandishi, picha kama picha, muziki kama muziki. Na sisi wa fasihi tusingojee bunge. Tuanze kuisoma michezo hii kama tusomavyo kazi nyingine, maana ni vigumu sheria kukilinda kitu ambacho wahakiki wake hawajakipa jina.