Chapa za Kale za Saga za Wafalme wa Norwe: Thamani Yake ni Ipi?

Miongoni mwa vitabu vya Ulaya ya Kaskazini vinavyotafutwa na wakusanyaji, saga za wafalme wa Norwe zina nafasi ya pekee. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Heimskringla, iliyotungwa huko Aislandi mnamo 1230 na kuhesabiwa kuwa kazi ya Snorri Sturluson, mshairi na mwanasiasa aliyeuawa nyumbani kwake Reykholt mwaka 1241. Kwa kawaida mkusanyaji huuliza mambo mawili: kitabu kina umri gani, na jalada lake ni zima? Maswali hayo yamfaa mwuza vitabu. Mhakiki hana budi kuongeza la tatu: chapa hii yashuhudia nini ambacho nyingine hazishuhudii?

Na ichukuliwe kwanza tafsiri ya Kideni ya Peder Claussøn Friis, kasisi wa Norwe aliyefariki mwaka 1614. Ilichapwa Copenhagen mwaka 1633 kwa usimamizi wa Ole Worm. Maneno ya asili hayamo, na huenda mtu akaiweka kando kwa sababu hiyo. Hata hivyo, miswada ya kale iliyobaki haimtaji Snorri kuwa mtunzi; jina lake limewafikia wasomaji hasa kwa njia ya watafsiri wa zamani, Peder akiwa mmoja wao. Tafsiri, basi, imehifadhi ushahidi ambao ngozi zenyewe hazinao.

Chapa ya Johan Peringskiöld, iliyotoka Stockholm mwaka 1697, ina sifa nyingine. Inayo maandishi ya Kiaislandi pamoja na tafsiri za Kiswidi na za Kilatini, na ndiyo iliyoeneza jina la Heimskringla, lililotokana na maneno ya mwanzo yenye maana ya duara la dunia. Kwa mkusanyaji ni johari. Kwa mhakiki ni johari yenye ufa, kwani mhariri aliingiza ndani yake sura nane za safari za Vinland zisizokuwa za kitabu hiki. Anayeinunua kwa kudhani kwamba iliyotangulia ndiyo iliyo sahihi atakuwa amejidanganya.

Asidharauliwe mkusanyaji, lakini. Moto wa Copenhagen wa mwaka 1728 uliteketeza mswada ulioitwa Kringla, ukabaki ukurasa mmoja tu wa ngozi, unaohifadhiwa sasa Reykjavík. Wahariri waliofuata wamelazimika kutegemea nakala zilizoandikwa kabla ya moto huo. Árni Magnússon aliokoa sehemu kubwa ya miswada aliyoikusanya maisha yake yote, bali vitabu vyake vya chapa viliungua kwa wingi. Ni dhahiri kwamba hata kilichochapwa hakina amana ya milele.

Kosa la wakusanyaji liko kwingine: katika kupima heshima kwa uchache. Mwaka 1899 ilitoka tafsiri ya Gustav Storm, yenye picha za Erik Werenskiold, Gerhard Munthe, Christian Krohg na wenzao. Mwaka uliofuata Bunge la Norwe lilitoa fedha ili kitabu kiuzwe kwa bei nafuu. Norwe ilikuwa bado katika muungano na Uswidi, uliovunjika mwaka 1905. Raia wakasoma habari za wafalme wao wenyewe kwa lugha waliyoielewa. Nakala hizo ni nyingi, na nyingine zimechakaa. Lakini uchakavu huo ni alama ya mikono iliyozifungua, jambo ambalo jalada safi la karne ya 17 haliwezi kulithibitisha.

Maktaba iliyo kamili, kwa hiyo, si ile yenye chapa ghali peke yake. Ni ile inayoweka johari yenye ufa na kitabu cha bei nafuu kwenye rafu moja, ili msomaji aone jinsi kila zama ilivyowachapa upya wafalme wale wale, na kwa haja ya nani.